Rundo la Kifua, Rundo la Mgongo

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Mwandishi wa makala haya, karani mstaafu wa mizani ya mahindi, yuko radhi kuapa kwa kofia yake ya kanisani. Asiyeamini akauulize upepo wa Nebraska.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili, Verlene Hruska anawasha taa ya chumba cha kufulia kilicho chini ya jukwaa la uwanja wa Chuo cha Plum Fork. Mbele yake kuna mlima wa jezi za mechi ya jana, mrefu hata kileleni una theluji. Mashine hazigusi. Anachukua jezi moja, anaitazama kifuani, anaigeuza mgongoni, kisha anaitupa kulia au kushoto.

"Matope ya kifuani, huyu alimwangusha mtu akamlalia," anasema. "Ya mgongoni, huyu ndiye aliyeangushwa. Na hii isiyo na doa, huyu alikuja kutazama mechi kama wewe."

Kwa miaka ishirini na sita, kwa ujira ambao sasa ni dola kumi na tano kwa saa, mama huyu amefua jezi za timu ya futiboli ya chuo, ile ya kofia ngumu na mabega ya plastiki. Hutenga marundo mawili kwa sababu madoa ya nyasi ya kifuani huzama sana, lazima jezi hizo zilowekwe. Makocha sita walikuja wakaondoka. Hakuna aliyewahi kushuka ngazi kumi na nne za kufika kwake.

Mwezi Agosti wakuu wa chuo walitoa kauli: timu ishinde mechi sita kati ya kumi, la sivyo ivunjwe. Ikivunjwa, chumba cha kufulia nacho kinafungwa, na Verlene alibakiza miaka miwili tu apate pensheni. Timu yenyewe ilikuwa haijaonja ushindi misimu mitatu. Kwenye mkahawa wa Vavra watu walicheka mpaka kahawa ikapoa.

Kocha mpya, Lowell Tietz, mkulima wa soya aliyekuwa akifundisha sekondari, alianza kwa kufungwa mechi mbili. Jumapili ile ya pili alishuka ngazi kutafuta taulo.

"Mama, marundo haya ya nini?"

"Kulia kifua, kushoto mgongo."

"Mbona la kushoto kubwa hivi?"

"Kocha, la kushoto limekuwa kubwa tangu mjukuu wangu hajazaliwa, na sasa ana mke."

Kocha akageuza ndoo, akaikalia. Hakuinuka kwa saa nzima.

"Jezi namba sitini na nne ni ya nani?"

"Brock Dannehl. Kijana wa adabu, husema asante. Ila kila Jumamosi analala chali kama anahesabu mawingu."

Jumatatu, Brock alijikuta benchi. Akashuka ngazi akifoka.

"Bi Verlene, umenisemea kwa kocha!"

"Mimi? Limekusemea shati lako. Lipe jambo jingine la kusema."

Kuanzia hapo, kila Jumapili kocha alikaa kwenye ndoo yake na daftari, na aliyelala chali hakuanza mechi. Ushindi wa kwanza ukaja, wa pili ukafuata. Katika mechi ya tano upepo ulikuwa mkali hivi kwamba mpira uliopigwa Jumamosi ulianguka Jumapili katikati ya mahubiri, mchungaji akaudaka.

Walifika mechi ya mwisho, dhidi ya majirani zao wa Wexler, wakiwa na ushindi mara tano.

Jana mvua ilinyesha. Plum Fork waliongoza kwa pointi tatu, lakini Wexler walikuwa hatua mbili tu kutoka mstari wa mwisho, ambao wakiuvuka na mpira wanashinda, na muda ulibaki wa shambulio moja. Verlene alisimama juu ya ngazi zake, ndoo mkononi.

Mpira ulipotoka, Brock, aliyekwisha kurudishwa kikosini, aliwapenya wawili, akamvaa aliyeubeba, wakaanguka pamoja kwenye tope, na watu kumi wakawaangukia. Filimbi ikalia. Walipofukuliwa, mpira ulikuwa haujavuka mstari.

Brock hakukimbilia kwa kocha.

"Bi Verlene! Tazama kifua!"

"Geuka kwanza."

Akageuka. Mgongo mweupe kama unga.

"Haya, mwanangu. Kulia."

Hapo ndipo mama alipoangusha ndoo, akalia.

Timu inabaki. Verlene anapanga kumalizia miaka yake miwili, na ana ombi moja. "Wamnunulie kocha kiti. Ndoo yangu naitaka."

Kisha akavaa miwani, akasoma makala haya hadi hapo juu.

"Theluji, sawa. Mchungaji hakudaka, mpira ulimpiga begani. Lakini hapa, 'watu walicheka'. Watu gani? Ni wewe! Ulipanda juu ya kiti pale kwa Vavra ukasema wakishinda sita utazifua jezi zao zote kwa mikono."

Mwandishi akakumbuka ghafla kwamba ana miadi na daktari wa meno.

"Meno yenyewe unayalaza kwenye glasi! Unadhani kwa nini sijawasha mashine tangu asubuhi?"

Akampa brashi.

Jezi sitini na mbili. Kwenye ya arobaini mwandishi aliteleza kwa sabuni, akaenda chini kwa kishindo. Verlene alimwinua, akamgeuza, akaikagua suruali.

"Mgongoni," akasema, akaonyesha kushoto.