Siku Nilizolinda Betri Guangzhou

Kilichonitoa Ifakara hadi Guangzhou ni aibu. Mimi ni fundi, nina tenda ya kuhudumia betri za mnara wa simu ulio jirani na zahanati yetu, kwenye bonde linalofurika kila masika. Betri zile ziliandikwa kwamba umeme ukikatika zinaubeba mnara kwa muda wa saa nane, nami nikamwambia Sista Bahati, mkunga wa zahanati, asiwe na wasiwasi. Masika iliyopita umeme ukakatika, na baada ya saa mbili tu mnara ukazimika. Sista alikuwa na mama anayejifungua, anatokwa damu, na hakuna namna ya kuita gari la wagonjwa. Wakambeba kwa trekta. Alipona, yeye na mtoto, Mungu mwema. Lakini Sista aliponitazama kesho yake niliamua kwenda kununua nyingine mwenyewe, huko huko zinakotengenezwa.

Guangzhou, siku ya kwanza. Kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun nilipanda treni ya chini ya ardhi mpaka Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, nikapokewa na Bi Shufaa, Mzanzibari anayewasafirishia watu mizigo na anayekijua Kichina vizuri. Kabla hata sijashusha begi nikamwambia sinunui betri kwa maandishi. Nitaiwasha, nitakaa pale pale mpaka izimike.

"Watu waja China kununua," akacheka, "weye waja kulinda betri! Haya, mwanangu, twende."

Siku ya pili, saa tatu asubuhi, tulikuwa dukani kwa laoban mmoja; huku bosi ndivyo anavyoitwa. Nikaunga betri moja na taa zinazokula umeme sawa na mnara wangu, nikavuta kigoda. Laoban akasema "mei wenti", hakuna shida, akaendelea na mambo yake. Wateja waliingia, wakanunua, wakatoka, kila mmoja ananichungulia kama nimerukwa na akili. Bi Shufaa akaniletea pilau. Saa saba mchana taa zikafifia, zikazimika. Zimewaka saa nne tu, jamani! Nilitaka kulia, na wala si kwa kumkasirikia laoban. Betri kama hizi ndizo nilizofunga mnarani kwa mikono yangu.

Bi Shufaa akamgeukia laoban, wakasemezana kwa muda.

"Asema hajapata kuona mteja akisubiri," akanifasiria. "Wote huangalia karatasi tu."

"Mwambie nina mkunga nyumbani ambaye nilimwambia uongo bila kujua."

Akamwambia. Laoban akasema turudi kesho.

Siku ya tatu tulikuta betri nyingine imetolewa ghalani kwa ndugu wa laoban, nzito, haina hata rangi ya kuvutia. Kwenye kigoda changu wameweka mto. Saa saba ikapita, saa tisa ikapita. Saa kumi na moja jioni, saa nane kamili tangu tuwashe, taa bado zinawaka, laoban akapiga makofi peke yake, nami nikamkumbatia Bi Shufaa mpaka ushungi ukamvuka. Kesho yake nikapima nyingine mbili nilizochagua mwenyewe, nazo zikatimiza saa nane, nikanunua. Bi Shufaa akazipanga kwenye kontena la meli, mimi nikarudi kwa ndege.

Ifakara, wiki chache kabla ya mvua. Betri zilifika salama nikazifunga. Asubuhi moja isiyo na wagonjwa wengi, kwa makubaliano na zahanati, nikaukata umeme makusudi, wa mnarani na wa kwao. Nikamwomba Sista anipigie kila saa. Akapiga saa nne, akapiga saa tano, akapiga saa sita. Saa saba kimya.

Nikakimbilia mnarani. Unafanya kazi vizuri. Nikakimbilia zahanati roho mkononi, nikamkuta Sista ameketi mlangoni, simu mapajani.

"Chaji imeisha," akasema. "Umeme ukikatika huwa hivi hivi."

Nimekwenda China kuulinda mnara siku zote zile, na simu yenyewe ya kuitia gari sikuwahi kuiulizia. Nikaketi kando yake.

"Sista, umeme ukikatika, wewe hapa unahitaji nini?"

Akaiweka simu kando.

"Chukua kalamu," akasema. "Ni vingi."