Majina ya Mlangoni

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili moja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Tumetoka msikitini kwetu Thornhill, nje kidogo ya jiji la Toronto, nafungua mlango, simu inalia. Nilikuwa sijatimiza miaka thelathini na nilijiona najua kila kitu. Aliyepiga ni bwana mmoja mwenye sauti laini. Alisema yuko hapahapa Toronto, anaandika habari za wakazi wa jimbo la Gujarat kule India, kijiji kwa kijiji, na ameambiwa mimi ndiye ninayekijua kijiji cha babu zetu. Nani alimwambia, sikuuliza. Nilifurahi kuitwa mjuzi, basi.

Mimi ni mzaliwa wa Dar es Salaam. India nilifika mara moja tu. Lakini shangazi yangu Kulsum, niliyeishi naye na tuliyemwita Foi, yaani shangazi kwa Kigujarati, alizaliwa kule, na binamu yangu Zainab alikuwa bado anakaa kule na watoto wake, mtaa uleule. Nikakaa na Foi jikoni, nikamdadisi: nyumba ngapi, ipi ya Waislamu, ipi ya Wahindu, ipi ya Wajaini, wale wa dini ya Jaini. Nikachora mtaa mzima.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipoharibu. Sisi Makhoja ni Waislamu, lakini mababu zetu wa zamani walikuwa Wahindu, ndiyo maana majina yetu ya ukoo ni akina Ramji, Kanji, Premji. Kule yameandikwa mlangoni, na jirani Mhindu naye ana majina hayohayo. Mgeni akipita hajui nani ni nani. Mimi, kwa kutaka sifa, nikatia alama kila mlango wa kwetu, ili yule bwana asikosee hesabu.

Foi alikuwa anachambua mchele. "Huyo mtu amekupigia mara ngapi?"

"Mara nne, Foi."

"Ameuliza hali ya Zainab?"

"Anamjulia wapi?"

"Anauliza nyumba yake iko wapi, lakini haulizi kama ni mzima au mgonjwa. Usimpe."

Nikamwambia aache hofu za zamani, hapa ni Kanada. Kesho yake nikaituma karatasi ile kwa faksi kutoka kazini. Yule bwana hakupiga tena. Hata asante hakusema.

Haukupita mwaka, Gujarat ikachafuka, makundi ya Wahindu yakawa yanawavamia Waislamu na kuchoma nyumba zao. Zainab akapiga simu analia. Walikuja watu na karatasi mkononi. Hawakugusa nyumba ya kulia wala ya kushoto, walikwenda moja kwa moja kwake. Bahati yeye na watoto walikuwa wameshapitia uani kwa jirani Mhindu, mama mjane, aliyewafungia ndani siku tatu na kuwapikia. Nyumba yao iliteketea yote.

Ilikuwa karatasi yangu? Sijui. Huenda na wengine waliandika zao. Lakini tangu hapo simwamini mtu anayetaka kujua tuko wangapi kabla ya kuuliza tu hali gani, na najua mara nyingine namshuku asiye na kosa. Hata fomu ya sensa naisoma mara tatu. Foi alifariki bila kunilaumu, na hilo linaniuma zaidi.

Miaka kumi baadaye Zainab alikuja kututembelea. Tukinywa chai akaniuliza, "Dada, unadhani waliujuaje mlango wetu?" Nikamjibu sijui, nikamwongezea chai.

Mwanangu, jana umenionyesha kwenye kompyuta ule mti wa ukoo, na watu usiowajua wanakuuliza ndugu zetu wanakaa wapi na wanasali wapi. Habari zako wape ukipenda. Za aliye mbali, mwombe kwanza ruhusa mwenyewe, kwa sababu watakaokuja watakwenda kwake, si kwako. Na ukishakosea, sema mapema, usikae nalo moyoni miaka yote hii kama mimi. Mungu akulinde, akupe busara ya kumjua anayekuuliza, na popote utakapoishi akujaalie jirani kama yule mjane. Sasa nipe hiyo simu, nimpigie Zainab.