Kengele ya Kiti cha Thelathini na Moja

Nakumbuka siku niliyotoka Lodwar nikiwa nimefunga kiunoni pesa za mbuzi wote wa baba yangu, nikaenda Nakuru kununua basi. Umenionyesha picha kwenye simu yako, Ekai, ukaomba baraka ya kununua lako, nami nimenyamaza mpaka chai imepoa. Usidhani shangazi yako anakuonea wivu. Keti, mwanangu, nikueleze.

Lilikuwa basi la kifahari lililokwisha kutumika, ila mimi nililiona jipya. Viti vya ngozi vinavyolazwa nyuma, mapazia, kiyoyozi, na juu ya kila kiti kitufe cha kumwita dereva. Ukikibonyeza, kengele inalia kwake na taa nyekundu inawaka juu ya kichwa chako. Sisi tulizoea kwenda Kakuma juu ya lori, vumbi hadi kwenye meno, kwa hiyo nilibonyeza kile kitufe mara tatu na kucheka peke yangu.

Peke yangu, nasema, maana muuzaji hakupanda. Alisimama nje. Niliuliza injini, giaboksi, matairi, na kama kiyoyozi kitaliweza jua letu, naye akajibu yote vizuri. Kisha akainamisha macho akaniuliza, "Hakuna lingine la kuuliza, mama?" Nikamwambia hakuna.

Sasa, babu yako hakununua hata mbuzi kilema sokoni bila maswali mawili: ametoka boma la nani, na kwa nini anatolewa. Alisema aliyeulizwa akadanganya, ubaya hubaki kwake, lakini usipouliza umeuchukua wewe. Nilikua nikiyasikia hayo. Nikaona ni mambo ya mbuzi, na basi lina karatasi zake. Nilipolifikisha nyumbani, mzee hata viti hakuvitazama. Akauliza, "Hii gari imetoka kwa nani? Na kwa nini anauza?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Safari ya kwanza ilikuwa mchana kweupe. Dereva wangu, Wafula wa Kitale, alikuwa ameacha Lodwar nyuma kitambo kidogo tu, kengele ikalia. Taa ilikuwa imewaka juu ya kiti cha thelathini na moja, cha dirishani, na hakikuwa na mtu. Wafula alisimamisha, akafungua mlango, joto likaingia. Hakuna aliyeshuka. Tuliketi tukiutazama ule mlango mpaka taa ikazima yenyewe.

Ikawa kila safari, kila mara mahali pengine. Fundi alikata waya, na kengele ikalia bila waya. Mimi nilishikilia kuwa ni hitilafu ya umeme, unajua nilivyo mbishi. Wafula aliacha kubishana nami. Ikilia, anasimama, anavua kofia, anangoja.

Siku moja alipanda bibi mmoja kutoka Lowarengak na mzigo wake wa samaki wakavu. Hakujua habari zozote. Alikaa kando ya kile kiti kitupu, nami nilikuwa mbele yake. Tulipokaribia Kakuma kengele ikalia, mlango ukafunguliwa. Niligeuka nikamwona bibi amegeuza magoti pembeni, vile unavyompisha mtu wa dirishani apite. Alikaa hivyo, akangoja. Kisha akayarudisha magoti, akaniambia kwa upole, "Huyu mama hashuki. Anasema hapa si kwao. Anasema alipiga kengele sana, ile dereva ya zamani alikataa kusimama."

Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma na gari zima lilikuwa baridi. Nilinyoosha mkono nikagusa ngozi ya kile kiti, nayo ilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Jioni ile nilimpigia muuzaji, simu imezimwa. Ningeweza kwenda Nakuru kumtafuta, nimuulize basi lilikuwa likifanya njia gani, na huyo mama alikuwa anashuka wapi. Sikwenda. Niliogopa kuambiwa. Abiria wakaanza kurudi kwenye malori, na mali ya baba ilikuwa yote mle ndani, kwa hiyo nikaamua kuliuza.

Nilimkabidhi gari kijana mmoja mgeni pale Kainuk. Sikupanda naye. Aliuliza injini, akauliza matairi. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Hakuna lingine la kuuliza?" Moyoni nilimsihi aulize. Alisema hakuna, akawasha gari akaenda. Hakufika mbali. Taa za breki ziliwaka, mlango ukafunguka, na kwa muda mrefu hakuna aliyeshuka.

Ndiyo aibu yangu hiyo. Mama wa watu alitaka kushuka kwao, nami nikampeleka mbali zaidi.

Basi la kwenye picha yako ni la buluu, langu lilikuwa jekundu. Rangi hubadilishwa. Yaliyoninyamazisha ni uliyosema mwenyewe, kwamba muuzaji ni mtu mpole, hakupanda kukusumbua ndani ya gari, na mwishoni alikuuliza kama huna lingine la kuuliza.

Rudi kwake kesho. Muulize maswali mawili ya babu yako, na usiondoke bila jibu. Chochote utakachonunua maishani, uliza kilikotoka na kwa nini kinatolewa. Siku ukiuza wewe, sema kabla hujaulizwa. Na ikiwa lile basi lina kengele inayolia yenyewe, usilikimbie kama mimi. Mtafute aliyelimiliki kabla ya muuzaji wako, na wa kabla ya huyo, mpaka mmoja akutajie mahali alipotaka kushuka yule mama. Nitakuja nawe. Nitakaa kando ya kile kiti, na tukifika nitampisha.

Inama nikuwekee mkono kichwani. Akuj, Mungu wetu, akulinde barabarani, mwanangu, na kila atakayepanda gari lako ashuke kwao.