Leo wamenikatalia kopo la mutumbwi

Wandugu, leo shabiki wa ekipe (timu) ingine amenikatalia kutoa maji ya mutumbwi.

Mwenye hajui: kisha mechi huku Kasuku, tunavukaga mto Lualaba pamoja kurudi Alunguli. Wenye wamepigwa njo wanatoaga maji na kopo mupaka viatu vinalowana. Wenye wameshinda wanaimba tu na kutucheka mupaka ngambo.

Hata wakati wa vita, papa, baba yangu, alivuka vile vile. Askari kando ya mto, nyumbani njaa, na bado walimucheka.

Leo tumepigwa tena. Mabao mane kwa bila. Golikipa wetu alikaa chini mechi haijaisha. Ekipe gani hii?

Nikaingia, nikashika kopo, nikangoja nyimbo.



Yaya Ramazani, yule kaka shabiki wao anatutukanaga kila mechi, akaninyanganya kopo polepole.

"Acha, mudogo wangu. Leo ukae. Nitatoa miye."

Akatoa maji mupaka ngambo. Hakuna mwenye aliimba, hakuna mwenye alicheka.

Ingekuwa ninyi, mungesema nini?

Nimefika nyumbani. Mama kuona viatu vyangu vikavu, akafurahi:

"Kumbe leo mumeshinda."