Nta Iliyoshika Kizibo

Ukifika mji wetu wa Pekalongan, kwenye mtaa wa batiki, vile vitambaa vya nta na rangi, ukamsikia mtu anasema Kasmirah aliharibu kioo cha Haji Mustofa kwa ushamba wake, mwambie Tarwiyah kasema ni mwongo. Tarwiyah ndiye mimi. Nimefanya kazi uani kwa Haji miaka kumi, kazi ya kuchemsha vitambaa ili nta itoke, na namna kile kioo kilivyokufa naijua kuliko mtu yeyote. Nina hasira, nasema mapema. Anayetaka hadithi ya upole aende kwa jirani.

Bu Kasmirah, na Bu kwetu ni mama, alikuwa mchora nakshi. Sisi wengine tunafuata mistari kwa kalamu ya nta, tunatia rangi, tunachemsha. Yeye ndiye aliyeitunga hiyo mistari. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mjane, mwembamba, hana makelele. Kila asubuhi alikuja na wali wake na fenesi changa lililopikwa kwa nazi, kafunga kwenye jani la mgomba, akala peke yake, akanawa, akakaa. Ukikosea mstari hakusemi. Anakuja kusimama nyuma yako, basi, na wewe mwenyewe jasho linakutoka. Miaka thelathini alichorea kwenye ubao ulioinama, karatasi juu, penseli mkononi.

Halafu Haji akanunua kioo. Kioo cha kompyuta, kipana kama mlango wa kabati, kimesimama kwenye mguu wa chuma, unachora juu yake kwa kalamu yake na nakshi inatokea humo humo. Ukitaka unakilaza kama meza, ukitaka unakiinamisha kama ubao. Kilikuja na kidude cha duara, kizito, kama kifuniko cha chupa pana. Unakiweka juu ya kioo, unazungusha kichwa chake, mstari unanenepa. Unakibonyeza, rangi inabadilika. Unazungusha tena, nakshi nzima inageuka. Sisi tukakiita kizibo.

Haji ana mkwe wake, Pak Gunarso, Pak kama kusema bwana, ndiye msimamizi. Siku ya kwanza tu akasema mbele yetu sote, "Bibi huyu atakiweza wapi? Huyu hata simu anashika kama anashika kaa."

Haji akasema, "Apewe mwezi. Akishindwa, kiti tutampa mwingine, yeye arudi kwenye masufuria ya nta."

Sikia hapo vizuri. Kifua cha Bu Kasmirah kilishakataa moshi wa nta tangu ujana wake. Akikaa karibu na sufuria nusu saa, anakohoa mpaka machozi. Daktari alishamwambia, moshi huo na wewe ni maadui. Kwa hiyo kile kiti hakikuwa cha heshima tu. Kilikuwa pumzi yake.

Wiki moja haikuisha, bibi akawa anachora kwenye kioo vizuri kuliko alivyochora kwenye karatasi. Kalamu aliiweza, rangi aliziweza. Tatizo likawa kizibo. Kioo kikilala, kizibo kinakaa kimya kama paka. Kiinamishe kidogo tu, kizibo kinateleza, kinachora mstari wa kijinga katikati ya ua la nakshi, kinamwangukia mapajani, kinabingirika hadi chini ya kabati.

"Kilaze kioo, Bu," Pak Gunarso akasema. "Karatasi ya maelezo imesema kilazwe."

"Aliyeandika karatasi hiyo anachora batiki?"

"Bu, usinibishie. Kilaze."

Akakilaza siku tatu, kwa adabu. Siku ya nne shingo ilikuwa imekaza, hawezi kugeuka kumjibu mtu. Na mistari ilikuwa mibaya. Wallahi, mistari ya Kasmirah ilikuwa mibaya! Mkono uliojifunza kwenye mwinamo hauwezi kuambiwa leo ulale. Akakiinamisha tena, akawa anashika kizibo kwa mkono wa kushoto kutwa nzima asikiachie, mpaka vidole vikafa ganzi.

Pak Gunarso akaleta gundi ya utepe, ile ya pande mbili. Akakibandika mwenyewe, akapiga makofi. Kizibo kikashika kweli. Kikashika mpaka kikakataa kutoka! Na kizibo kile lazima uhame nacho, maana ukifika kuchora pale kilipokaa, kinakufunika. Jioni nzima watu watatu wanakivuta. Wanawake wa nta wakawa wanapitisha vichwa mlangoni, "Pak Gunarso, mbona umekiozesha kizibo bila kutualika harusini?" Nilicheka mpaka nikaumwa tumbo. Yeye hakucheka.

Kesho yake Bu Kasmirah akaja kwangu uani, kafunga kitambaa puani kwa ajili ya moshi. "Tarwiyah, mwanangu, nipe nta ya nyuki kidogo."

"Ya nini?"

"Nipe tu."

Akaisokota nta kwa vidole kama uzi, akaizungushia chini ya kizibo, ukingoni, akakibandika kwenye kioo kilichoinama. Kikashika. Saa sita mchana kioo kilipopata moto, kizibo kikaanza kushuka taratibu kama konokono. Pak Gunarso akasimama pale na kikombe cha kahawa, anakitazama kinavyoshuka, anacheka. "Haya, akili za uani hizo."

Siku ya pili akaongeza utomvu wa msonobari. Ikawa ngumu, ikakatika kama biskuti. Siku ya tatu, ya nne, ya sita, anapima kwa kijiko, anakohoa, anarudi. Mwezi ulikuwa unakatika na kikohozi kinazidi. Nikamwambia, "Bu, utakufa kwa ajili ya kizibo?"

Akanijibu, "Nitakufa kwa ajili ya sufuria nikikosa kiti."

Siku ya tisa akatia vitu vinne, kimoja mafuta kidogo ya mnyama. Akasokota, akabandika, akakiinamisha kioo karibu kisimame wima. Tukangoja. Mchana ukaja na joto lake, ukapita. Kizibo hakikutikisika. Akakiinua upande mmoja kidogo kwa vidole viwili, kikatoka, bila kuvuta, akakihamishia upande wa pili, kikashika tena. Alama iliyobaki aliikwangua kwa ukucha, akaifuta kwa pamba kavu. Basi. Waliotengeneza mashine nzima na karatasi zao walishindwa, mjane wa Pekalongan kaweza kwa nta ya batiki. Hakusema neno la kujisifu. Alikaa, akachora.

Sasa ngoja nikuonyeshe watu walivyo. Waliouza kioo wakaja kutoka mji wa Surabaya kutazama kinavyofanya kazi. Wakaona kizibo kimeshika kwenye mwinamo, wakashangaa, wakauliza ni nini hiki. Pak Gunarso akavuta shati. "Ah, ni ubunifu wangu. Nilikaa nikafikiri."

Loo! Nilikuwa mlangoni na ndoo, nikatamani kumwogesha nayo.

Bu Kasmirah hakugeuka hata kichwa. Akasema tu, polepole, mkono unaendelea kuchora, "Pak Gunarso, nta hiyo ina vitu vinne. Hebu watajie wageni."

Akataja nta ya nyuki. Akataja sabuni. Sabuni! Wageni wakacheka, sisi mlangoni tukaangua kicheko. Haji alikuwa pale pale na hakucheka. Mimi niliona kwamba hakucheka, nikadhani kachoka tu. Mjinga mimi.

Wiki mbili baadaye wale wageni wakasema wanarudi na mkubwa wao, na mpiga picha. Asubuhi ya kuja kwao Bu Kasmirah alikuwa hajafika. Pak Gunarso akaja uani, mbio mbio, "Tarwiyah, kioo kina alama za nta. Nenda kaitoe nta yote, king'ae. Upesi!"

Sasa nyie mnaosoma, najua mtanicheka. Chekeni. Miaka kumi mimi nimetoa nta. Nta inatolewaje? Kwa maji yanayochemka na magadi. Mtoto wa miaka mitano wa mtaa huu atakujibu hivyo hivyo. Kile kioo tulikatazwa hata kukisogelea, sikuwahi kukigusa kwa kidole. Kwangu kilikuwa kioo chenye nta. Nikachota sufuria ndogo, nikaenda, nikamimina juu kama ninavyomimina kwenye kitambaa, nikasugua na tambara. Na nta ikatoka vizuri mno! Maji yakashuka na mwinamo, yakafika kwenye ufa wa chini, yakaingia.

Ikaja mistari ya kijani. Ikaja harufu ya kuungua. Kikawa cheusi.

Nilikimbia. Nasema kama ilivyokuwa. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, mume wangu hana kazi, nikakimbia uani nikashika mti wa kukorogea vitambaa nikajifanya nakoroga.

Wakatuita wote. Haji akasimama mbele ya kioo, wageni wako njiani. "Nani amefanya hivi?"

Nikamtazama Pak Gunarso, maana yeye ndiye aliyenituma. Alikuwa ananitazama. Hakufungua mdomo. Nikasema moyoni, anaogopa, kwa sababu amri ilikuwa yake.

Bu Kasmirah alikuwa ameingia wakati huo huo, kifurushi chake cha wali bado mkononi. Akatazama kioo. Akatazama mkono wa blauzi yangu, umelowa mpaka kwenye kiwiko. Akatazama tumbo langu. Kisha akasema, "Nta ni yangu, Haji. Alama zilikuwa zangu."

"Kwa hiyo ni wewe?"

"Nimeshasema."

Nami nikanyamaza. Mdomo wangu huu, unaosema kutoka alfajiri hadi usiku, siku hiyo ukafungwa. Akaambiwa achukue vitu vyake. Alichukua penseli zake na bati lake la ile nta, akatoka, na mimi nikarudi kukoroga.

Akapata kazi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kazi gani? Sufuria za nta. Nani mwingine angemchukua, na habari imeshaenea kwamba kaua kioo cha Haji? Nikipita asubuhi namsikia anakohoa kabla sijafika kwenye lango. Nikajifungua mtoto wa kike, nikarudi kazini naye kiunoni, nikawa napita, nasalimia, "Hujambo, Bu." Anajibu, "Sijambo, mwanangu. Mtoto anakua." Napita. Miezi minne nilipita hivyo.

Haji akanunua kioo kingine, kiti akakikalia mpwa wa Pak Gunarso, msichana kasoma. Na kizibo kikawa kinateleza. Siku moja Haji akaniita chumbani kwake. "Tarwiyah, ulikuwa karibu na Kasmirah. Ile nta unaijua. Ichanganye, nitakutoa uani nikuweke ndani."

Sijui nini kilinipasuka. Nikasema, "Haji, kioo nilikiua mimi. Kwa maji ya moto. Si yeye. Mrudishe Bu Kasmirah, mimi nifukuze."

Haji akanywa kahawa yake. Akaweka kikombe chini taratibu. "Najua."

"Unajua nini?"

"Gunarso aliniambia ni wewe asubuhi ile ile, kabla sijawaita."

"Sasa ulikuwa unauliza nini mbele ya watu?"

"Mwanamke anayemtahayarisha mkwe wangu mbele ya wageni siwezi kumweka ndani mwangu. Nilikuwa natafuta mlango wa kumtolea. Akaufungua mwenyewe." Akanitabasamia, eti ananipoza! "Wewe usiwe na wasiwasi. Sikuwa na nia ya kukufukuza hata siku ile. Fundi wa kuchemsha kama wewe nitampata wapi?"

Nikamwambia, "Haji, ulikwenda Makka kufanya nini?"

Akageuka rangi. Nikamwambia nta ina vitu vinne amuulize mkwewe, nikavua aproni, nikaitupa juu ya meza yake kwenye kahawa, nikatoka na mtoto wangu. Ndiyo, nilijiona shujaa. Nilitembea mtaani kichwa juu, moja kwa moja mpaka nyumba ya tatu, kumpelekea Bu Kasmirah habari kama mtu anayepeleka zawadi.

Alikuwa amechuchumaa kwenye moshi, anakoroga. Nikamweleza yote, neno kwa neno, mpaka ile "Najua". Nilidhani atamlaani Haji. Nilidhani tutamlaani pamoja.

Akaacha kukoroga. Akasema, "Kwa hiyo hukuwa unafukuzwa."

"Ndiyo, Bu. Washenzi wale."

"Nilikitoa kiti changu ili usifukuzwe, na hukuwa unafukuzwa."

"Bu..."

Akaipiga sufuria kwa mwiko hata nta ikaruka ukutani. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, si mimi wala mtu mwingine. "Neno moja, Tarwiyah! Ungesema siku ile neno moja, Haji angelazimika kukujibu mbele ya wote kwamba anajua, na mimi ningesimama pale nisikie. Miezi minne! Miezi minne unapita langoni kwangu unanisalimia!"

Wanawake wa nyumba ile waliacha kalamu zao wakatutazama. Mtoto akaanza kulia. Nikafungua mdomo nimwombe radhi, kikohozi kikamshika, akanionyesha lango kwa mkono, na alipopata pumzi akasema tu, "Nenda kamnyonyeshe." Kisha akageukia sufuria yake.