Jina la Mwenye Kadi

Mimi ni mwalimu, kupaza sauti ni kazi yangu. Nikiita majina ya watoto asubuhi darasani, hata anayepita barabarani na baiskeli anaitika. Kwa hiyo msinifikirie mtu wa haya. Lakini siku moja ya mwaka 2014, ndani ya duka pale Kasulu, niliombwa nitaje jina la mtu mmoja tu, na ulimi ukawa mzito kama si wangu.

Lilikuwa jina la baba mkwe wangu.

Wasio wa kwetu niwaeleze kidogo. Kwetu Waha, upande wa Kibondo nilikoolewa, mwanamke halitaji jina la baba mkwe wake. Si kwamba halijui. Analiona kwenye cheti cha ndoa, analiona kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, ila mdomoni halipiti. Mama yangu mzazi yeye alizidisha. Jina la babu yangu, yaani baba mkwe wake, lilikaribiana na neno la mvua kwa Kiha, basi masika yote mama anapiga kelele, "Yale ya juu yanakuja, anueni nguo!" Sisi watoto tulimcheka mpaka tukagaagaa. Nikajiapiza kwamba mimi niliyesoma sitakuwa mshamba kiasi hicho. Haya, nikaolewa, na mwezi haukuisha nikawa mshamba yule yule.

Baba mkwe alikuwa bwana shamba mstaafu. Mrefu, mkavu, maneno machache, lakini alipenda vitu vipya kuliko wanawe wote. Duka moja la jumla la Kasulu lilipoanza kutoa kadi zake, yeye alikuwa mtu wa kwanza kijijini kwetu kuwa nayo. Mwenye duka alikuwa ameelewana na benki. Kama mshahara au pensheni yako inapitia kwenye benki ile, unapewa kadi ya bluu iliyoandikwa jina la duka kwa herufi kubwa za dhahabu, na ukinunua pale unapunguziwa bei. Jina la mtu halikuwepo kabisa kwenye kadi, ni namba tu. Wala haikutoa pesa kwenye mashine za ukutani, ilikuwa ya dukani basi.

Baba mkwe akaomba kadi ya pili kwenye akaunti yake hiyo hiyo, akanipa mimi. Alinipa mbele ya wanawe, mume wangu akiwemo. "Hii anashika mkamwana wangu," alisema. "Ndiye mwenye akili ya mashine." Jamani, nilivimba kichwa. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaiweka kwenye sanduku pamoja na vyeti vyangu vya ualimu, na sikuwahi kuitumia.

Halafu akateleza mgombani asubuhi moja ya mvua, akavunjika nyonga. Tukamkimbiza hospitali ya Kabanga, akapasuliwa, akalazwa muda mrefu. Mume wangu alikuwa kazini Kahama, hivyo wa kumuuguza tulikuwa mimi na mama mkwe. Pesa taslimu ikaisha yote kwenye dirisha la malipo la hospitali. Siku ya ruhusa ikafika, tukapata na gari: pikapu iliyoleta maharage ilikuwa inarudi Kibondo tupu, na dereva akakubali kumlaza mzee nyuma. Lakini ingeondoka baada ya chakula cha mchana, na dereva alisema wazi kwamba hatatungoja. Muuguzi naye akatuwekea ngumu. "Kwa barabara ile? Bila godoro nene simtoi huyu babu hapa. Mnataka mfupa ufunguke tena?"

Basi mimi na mama mkwe tukapanda bodaboda mbili hadi mjini Kasulu kununua godoro. Kadi ya bluu nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la khanga.

Mwenye duka alikuwa mtu ambaye babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa laini, cha kubembeleza. "Shikamoo mama," akamwamkia mama mkwe. "Mwalimu, karibu. Mzee wetu anaendeleaje?" Akatutolea godoro nene la maua mekundu. Nikatoa kadi kwa mbwembwe, nikiangalia kama watu wananiona. Ilikuwa siku ya soko, na duka limejaa. Akaitia kwenye mashine, nikabonyeza namba ya siri, tukangoja. Mashine ikalia, ikatoa maneno.

"Aa," akasema. "Inasema nipige simu benki."

"Kwa nini? Pensheni si imeingia?"

"Pesa ipo, mwalimu. Ingekuwa haipo ingekataa moja kwa moja. Hii inauliza." Akaanza kunieleza, kwa kuwa aliipenda mashine ile kama mtoto wake. "Usidanganywe na jina langu hapo mbele. Mimi nimetoa rangi tu. Ukichomeka kadi hapa, mashine inauliza benki yangu, benki yangu inauliza benki ya mzee: huyu mnamjua? Anazo? Wakisema anazo, wanazifunga pale pale zisiguswe na mtu. Jioni mashine ikishafunga hesabu, ndiyo wanahamishiana, mimi naletewa baadaye, wakishamega chao. Sasa kadi hii haijawahi kutumika hata mara moja, halafu ghafla inataka godoro zima. Wameshtuka. Wanataka kusikia sauti yako."

Nikaona ni jambo dogo. Sauti ninayo.

Akapiga. Simu yake ilikuwa imeharibika spika ya sikioni, ikawa inasikika kwa sauti kubwa tu, duka zima linasikia. Akapokea binti mmoja Dar es Salaam, sauti nyororo, ya adabu. Akaniuliza jina langu, nikalitaja. Akauliza namba za mwisho za kadi, nikazisoma. Akasema, "Asante sana dada. Sasa naomba jina kamili la mwenye akaunti kuu."

"Ni baba mkwe wangu," nikasema.

"Sawa dada. Jina lake?"

"Baba wa mume wangu. Bwana shamba mstaafu."

"Naelewa dada. Naomba jina lake kamili."

Nikamwangalia mama mkwe. Mama mkwe akaangalia ndoo za plastiki zilizoning'inizwa darini. Yeye pia hakuwahi kulitaja, tangu aolewe alimwita baba wa watoto, na kabla ya watoto alimwita "wewe." Tulikuwa wanawake wawili tunaolijua jina lile kuliko mtu yeyote mle ndani, na hakuna wa kulitoa. Jasho likanitoka kwapani. Watu nyuma yangu walianza kuguna.

"Kwani mwalimu," mwenye duka akaninong'oneza, "baba mkwe wako hana jina?"

"Analo. Wewe si unamfahamu? Liseme basi."

"Mimi namjua kwa jina la Mzee wa Kibondo, wallahi."

Nikachukua kalamu yake, nikaliandika jina lote kwenye kiganja changu. Kuandika hakuna mwiko. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akaziba simu kwa mkono. "Wanarekodi hawa. Wanataka mwenye kadi atamke mwenyewe. Nikisema mimi, kesho wanakuja kuchukua mashine yao."

Kijana mmoja nyuma yangu akadakia, "Si jina tu hilo, mwalimu? Au kadi ya wizi?" Watu wakacheka. Weee! Mimi, niliyefundisha nusu ya watoto wa kata yetu, nikaitwa mwizi mbele ya kadamnasi kwa sababu ya godoro. Uso ulinichoma. Nilitaka kumgeukia nimpe la kwake, lakini binti wa Dar alikuwa bado ananingoja. "Dada, upo? Nisipopata jina nitalazimika kuifunga kadi."

Ikifungwa, godoro hakuna. Godoro likikosekana, pikapu inaondoka, mzee anabaki wodini na sisi hatuna hata ya uji. Nilijiona mjinga nisiye na mfano. Niliona haya kwa kushindwa kulisema jina, na niliona haya zaidi nikifikiria kulisema.

Mama mkwe ndiye aliyeamua. Akanivuta mkono, akaniambia kwa Kiha, taratibu, "Sema, mwanangu. Mimi nitaziba masikio." Na kweli akatia vidole masikioni, akafumba na macho. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa kwenye foleni, Muha mwenzetu, akaelewa kinachoendelea. Akatugeuzia mgongo, akawapiga vikumbo wenzake nao wageuke. Alitaka kunisitiri, Mungu ambariki, lakini kuona migongo ya watu inanigeukia ndiyo ilinimaliza kabisa.

Nikalisema, kwa sauti ya kuku mgonjwa.

"Samahani dada, mtandao unakatika. Rudia tafadhali."

Nikarudia.

"La kwanza nimelipata. La katikati na la mwisho, ongeza sauti kidogo dada."

Nikapaza sauti ile ya darasani. Jina lake, la baba yake, la babu yake, yote matatu yakatoka na kugonga mabati ya duka. Mtu aliyekuwa nje akipima mchele akachungulia. Machozi yalikuwa yananitiririka, na mkono wangu wenye wino nimeukunja ngumi.

"Asante sana kwa ushirikiano wako," akasema binti. Akampa mwenye duka namba fulani ya idhini, naye akaibonyeza kwenye mashine, mashine ikatema karatasi, nikatia sahihi. Basi, kwisha. Nikamgusa mama mkwe begani ili atoe vidole masikioni.

Tulirudi Kabanga, godoro limefungwa nyuma ya bodaboda yangu. Nilijua mama mkwe atamwambia mzee. Mambo kama hayo hayafichwi, mwanamke akiyaficha na baadaye yakafumuka inakuwa dharau ya pili. Wodini alikaa karibu na kichwa cha mzee, akamweleza yote kwa Kiha, mashine, simu, watu kugeuka. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda, nimeinamisha uso, nasubiri kunyang'anywa heshima yote niliyopewa na ile kadi.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Limefika mpaka Dar es Salaam?"

"Ndiyo, baba. Unisamehe."

"Lote? Na la baba yangu?"

"Lote, baba."

Akaangalia dari. "Tangu kaka yangu alipokufa," akasema, "hakuna anayeniita. Nyumbani ni baba, ni babu. Ofisini nilikuwa bwana shamba. Hapa wananiita babu wa dirishani." Akacheka kidogo, akakunja uso kwa maumivu ya nyonga. Halafu akanigeukia, na hakuwa mkali hata kidogo. "Liseme tena, nami nilisikie."

Mama mkwe, bila kuambiwa, akainua tena vidole vyake, akaziba masikio.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nalo hata kiganjani, wino haujafutika. Na sikuweza. Nawaambia ukweli, sikuweza. Nilitazama sakafu ya wodi, nikasikia mtu anakohoa kitanda cha pili, nikasikia dereva anapiga honi nje. "Baba, nisamehe," nikasema. "Nimeshindwa."

"Haya," akasema. "Hamna neno. Mnipakie basi."

Kejeli za yule kijana nilizisahau haraka. Baada ya muda nilimsimulia mume wangu habari ya dukani, tukacheka wote, na hata migongo ya wale watu ikawa kichekesho. Hili la wodini sikumsimulia. Kwa binti wa benki, asiyemjua mzee wala kumwona, nilikuwa nimepiga kelele mpaka koo likakauka. Mwenyewe aliponiomba kwa upole, nilimnyima.

Tukamlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu. Mama mkwe alikaa mbele na dereva kwa ajili ya magoti yake, mimi nikakaa nyuma kumshika mzee asiyumbe. Barabara ilikuwa mashimo na vumbi. Nikajifunika khanga usoni, nikaegemea ubao, na nadhani alifikiri nimesinzia. Tulipofika mahali barabara inapotulia, gari likapunguza kelele, nikamsikia. Alikuwa anajiita mwenyewe, polepole, jina lake, la baba yake, la babu yake, halafu anakaa kimya kidogo kama anayengoja kuitikiwa.

Nikabaki chini ya khanga, sikuitika.