Siku Niliyogombea kwa Ruhusa ya Baba

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo mwepesi, na ndio uliotuponza. Alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, mfanyakazi wa mashamba ya miwa kule bondeni, na kila mwisho wa mwezi alipanda kwetu Matombo na sukari kidogo na habari nyingi za dunia. Mwezi ule alikuta vijana wenzangu wamenipendekeza nigombee uenyekiti wa kitongoji kupitia chama kipya, kimojawapo cha vile vilivyochipuka baada ya vyama vingi kuruhusiwa. Alifurahi kupita kiasi. Jumapili, watu walipotoka misa, alisimama mbele ya kanisa akatangaza, "Binti yangu anagombea, na mimi baba yake nimempa ruhusa!"

Watu walitazamana. Kwao baba, mtoto ni wa baba. Kwetu Waluguru, mtoto ni wa lukolo, ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Shamba la migomba alilolima mama lilikuwa la ukoo, na aliyemgawia alikuwa mjomba. Tena mjomba mwenyewe alikuwa balozi wa nyumba kumi wa kile chama cha siku zote tangu mimi sijaanza kutambaa. Naye alikuwepo palepale, kofia mkononi, akisikia kama mpita njia kwamba mpwa wake anagombea kwa chama kingine, kwa ruhusa ya shemeji.

Nilimfuata nikamwamkia. "Shikamoo, mjomba."

Alivaa kofia yake akaondoka.

Baba alirudi kwenye miwa yake akiamini ametusaidia sana. Sisi tulibaki na shikamoo isiyojibiwa, na anayejua kwetu anajua uzito wake. Kila nilipokutana na mjomba njiani nilimwamkia, na kila mara alipita kama aliyesikia jani likianguka. Mama aliacha hata kupalilia. Alisema hawezi kutoa jasho kwenye shamba ambalo kesho huenda likapewa mwingine.

Sikuwa na uchu wa cheo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne pale sekondari ya Kilakala, nikarudi nyumbani kukaa. Ushirika ulikuwa umelala usingizi wa pono, na wachuuzi wa Dar walikuja na malori yao kununua ndizi, wakisema sasa ni soko huria. Lakini malori yaliishia ng'ambo ya kijito, kwa sababu daraja la magogo lilisombwa kila masika. Sisi vijana ndio tuliovusha mikungu kichwani, maji yakitufika mapajani, na wazee ndio waliokaa mkutanoni na kuamua kwamba daraja lisubiri. Tulipohoji, tuliambiwa kazi ya vijana ni kuimba wageni wanapokuja. Mimi nilikuwa nimechoka kuimba.

Hata hivyo, shamba la mama si kitu cha kuchezea. Jioni moja nilimwambia nitajitoa.

"Nani kakwambia ujitoe?" alinijia juu. "Baba yako kakupitisha mlango usio wako. Twende kwenye mlango wako. Na mkono mtupu haulambwi."

Tulikata mkungu mzuri kuliko yote shambani, nikaubeba hadi kwa mjomba. Tulimkuta kwenye kigoda, anachonga mpini wa jembe. Mama alipiga magoti. "Kaka, mtoto kakoseshwa njia na shemeji yako. Leo kaja kwako mwenyewe kuomba."

Mjomba aliutazama ule mkungu, akanitazama mimi, akarudi kwenye mpini wake. "Uwekeni hapo," alisema. Basi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilirudi nyumbani nikiwaza mshindo huo utaniangukia wapi.

Siku ya uchaguzi tulipiga kura kwa miguu. Wagombea wawili, mimi na mzee mmoja wa chama cha mjomba, tulisimamishwa nje ya ofisi ya kijiji, uso ukutani, tukakatazwa kugeuka. Kila mtu alitakiwa kupanga mstari nyuma ya anayemtaka.

"Haya, jipangeni!" mtendaji wa kijiji alisema.

Sikusikia hata mguu mmoja ukisogea. Nilielewa mara moja. Watu wa ukoo wetu walikuwa wanamngoja mjomba. Hata wale vijana walionipendekeza, mabingwa wa maneno uwanjani, kila mmoja alilima shamba la mjomba wake, na kila mmoja alitaka kuona ya kwangu yataishaje.

Kisha nikasikia katambuga zake za tairi. Zilikuja hadi nyuma yangu, zikapita, zikasimama kwa yule mzee. Niliona shamba limekwenda, na mama nimemponza kwa sababu ya daraja.

Mjomba akapaza sauti. "Mimi balozi, nasimama pangu. Huyu mpwa wangu. Kaniletea mkungu, nimeula. Shamba la dada yangu ni la dada yangu, leo na kesho. Sasa nyie mnanitolea macho ya nini? Kila mtu ana miguu yake!"

Wa kwanza kunifikia alikuwa mama. Niliujua mkono wake mgongoni. Halafu miguu ikaja, mingi, ya wasichana na wavulana, wakisukumana na kucheka. Nililia palepale, uso ukutani, kwa raha tupu, bila kujua kama nashinda au nashindwa.

Nilishindwa, tena kwa watu wachache. Sikujali. Mzee aliyenishinda alikuwa ameuona urefu wa mstari wangu, na hakutuambia tena tukaimbe. Kabla masika hayajafika, tulikuwa tunakata magogo ya daraja pamoja naye.

Lakini siku ile ile, watu walipokuwa wakitawanyika, nilimfuata mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akavaa kofia yake.

"Marahaba," alisema. "Na safari ijayo ukitaka kugombea, anzia kwangu. Kura nitakunyima, lakini ruhusa nitakupa."